Suruali Mbili za Fundi Redio

Wifi yangu hana siku mbaya. Nimeishi naye chini ya bati moja miaka na miaka, tunashona chumba kimoja, tunagombania pasi moja, na sijawahi kumwona na siku mbaya hata moja. Siku zake mbaya zote nazibeba mimi.

Wateja wanamwita Bi Kheri, na jina hilo amelitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Umeme ukikatika pasi ikiwa mkononi, atasema kuna kheri, mkono upumzike. Mteja akilikataa gauni, kuna kheri, mwenye mwili wake yuko njiani. Siku panya walipotoboa pembe ya shuka la bibi harusi, mimi nilikaa chini nikashika kichwa. Yeye alilitandaza mezani, akaliangalia lile tundu, akasema mahali hapo pangependeza ua. Akalidarizi ua. Mwenye shuka alipokuja aliuliza kwa nini ua liko peke yake, akataka na pembe nyingine zitiwe. Mimi nilikuwa nimeshatunga maneno ya kuomba radhi, nikayameza yote.

Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa anakosea kila mara ningemhurumia, ningemshika mkono na kumwelekeza. Lakini mambo yana tabia ya kumwendea vile alivyosema, na yasipomwendea hana habari. Mimi nikiona wingu, naanua nguo kambani. Yeye akiona wingu, anafua. Wingu likipita, ananikuta mlangoni nimekumbatia nguo mbichi, anacheka. Lisipopita, anasema mvua imesuuza vizuri kuliko sisi. Mtu wa namna hiyo utamshindia wapi?

Na msidhani maisha yamemdekeza. Mume wake wa kwanza alimkimbia. Wa pili alimpenda kweli, akafa. Kisha nyumba yake ikachukuliwa na maji pamoja na cherehani iliyokuwa ndani, na siku hiyo alikuja kwetu na mkasi tu, ameufunga kwenye leso. Nilimpikia, nikamtandikia, nikakaa karibu yake nikisubiri alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya kumbembeleza. Alikula akashiba, akatazama huku na huku, akasema sebule yetu ina mwanga mzuri wa kushonea. Kabla sijajua kinachoendelea, viti vyangu vilikuwa vimesogezwa ukutani na cherehani ya kuazima imeshaingia. Tangu hapo sina sebule. Mwanga kweli ni mzuri, siwezi kusema uongo, na kila ninachokijua kuhusu kitambaa amenifundisha yeye. Kabla yake nilikuwa naweza kutia viraka tu.

Mume wangu ni mdogo wake wa pekee. Watu wanamwita Fundi Redio, ingawa anatengeneza feni, taa na chochote chenye waya. Ana kibanda mwisho wa mtaa wetu, chenye dirisha moja kubwa na meza ndefu, na kazi yake ni ya kukaa. Asubuhi anakaa, jioni anainuka. Stuli yake ilikuwa imeshapata umbo lake, mtu mwingine akiikalia anateleza. Nalisema hili mapema ili mnielewe nitakapokasirika mbele ya safari.

Alianguka kutoka kwenye paa la mteja. Haikuwa hata kazi yake. Mzee mmoja alimwomba amgeuzie antena, na mume wangu hajui kusema hapana, akapanda. Bati lilikuwa na umande. Alikuja chini chali, na tulipofika hospitali akawa ananiambia viatu vyake vivuliwe kwani vinambana, hali vilikuwa vimeshavuliwa.

Daktari alituita mimi na wifi, akatuweka mbele ya meza moja, akasema kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Uti wa mgongo umeumia. Mikono ni mizima, kichwa ni kizima, kifua ni kizima. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakutarudi. Tulitoka nje, mimi machozi yananishuka hadi kwenye kola, na Bi Kheri akanishika bega.

"Umemsikia daktari lakini?" akaniambia. "Mikono mizima kabisa."

Nilitamani kumpiga na mkoba. Tulikaa viti viwili vilivyogusana, tukasikia sauti moja ya mtu mmoja, na kila mmoja akatoka na mgonjwa wake.

Mafundi wenzake walichangishana wakamletea kiti cha magurudumu, kipya, kingali kwenye nailoni. Bi Kheri aliwashukuru mpaka wakaona haya. Walipoondoka alikisukuma mpaka kona ya chumba cha kushonea, akaingia kwa mdogo wake akamwambia: "Kile kiti usikizoee. Ukikizoea, miguu itajua imesamehewa." Kesho yake asubuhi nilikuta magauni mawili na koti la mteja vimetundikwa juu yake. Ikawa ndiyo kazi ya kile kiti. Nguo zilizosubiri vifungo zilikaa kitini, na mwenye kiti alilala kitandani.

Nikimwambia mume wangu, "Baba, leo tujaribu kukaa kidogo," ananijibu, "Dada amesema nisikizoee." Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, ana wakwe na wajukuu, ananiambia dada amesema. Watoto wetu wana majumba yao, tulibaki watatu tu humo ndani, na kati ya hao watatu mwenye kumgeuza, kumwogesha na kumwinua ni mmoja. Nilimgeuza ubavu huu, nikamgeuza ule, nikampaka mafuta mgongoni ngozi isichubuke. Mgongo wangu nao ukaanza kuongea. Bi Kheri hakuwahi kuja kuinua. Hakuwa mvivu, mwacheni, anashona mpaka vidole vinavimba. Alisema tu kwamba mtu atakayeamka mwenyewe hapaswi kuzoeshwa kuinuliwa.

Kazi yake yeye ilikuwa ya jioni. Aliingia na chai, akakaa miguuni mwa kitanda, akamsimulia habari za mtu fulani ambaye madaktari walimkatia tamaa na leo anapanda milima. Kila jioni mtu mpya. Ungewakusanya watu wote wa Bi Kheri waliosimama baada ya madaktari kunyoosha mikono, ungepata timu ya mpira na wachezaji wa akiba. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia nakunja nguo, nasikia mume wangu anacheka. Nasikia kijiko kinagonga sahani mpaka chini. Kwangu alikula vijiko vichache akageukia ukuta. Kwa dada yake alimaliza sahani. Sasa nikienda kusema yule mwanamke hana msaada, nani ataniamini?

Mama wa mazoezi alikuja kutoka hospitali, mwanamke mnene mwenye mikono ya kukandia unga, asiyezunguka. Alimbonyeza mume wangu mabega, akamwambia avute kamba aliyoifunga kitandani, akaridhika. Kisha akamgeuza, akatazama mgongo. Alinitoa nje.

"Huyu kwa nini yuko kitandani?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemfunga.

"Muulize dada yake."

"Nakuuliza wewe. Ngozi imeanza kuwa nyekundu. Pumzi yake fupi. Mtu mwenye mikono ile, na kazi ya kukaa, analala mchana kutwa anasubiri nini? Mama, hiki kitanda kitammaliza kabla ya huo mgongo. Mtoe. Wiki hii, si mwezi ujao."

Bi Kheri alikuwa mlangoni na sindano mdomoni, alisikia kila kitu. Nilimwuliza baadaye, "Umesikia alivyosema?" Akasema, "Nimesikia. Mikono ina nguvu."

Basi nikaona nikingoja nitazika. Nilikwenda kwa mume wangu peke yangu, nikamwambia aliyoyasema yule mama, yote, bila kupunguza. Akatoa sababu yake nyingine. Hawezi kutoka nje na shuka kiunoni kama mgonjwa. Mtaa mzima unamjua na suruali iliyopigwa pasi. Nikasema hilo ni dogo, mimi ni fundi cherehani. Nikamtolea suruali sandukuni, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikamvalisha. Ilikuwa balaa. Nyuma ilishuka ikamwacha wazi. Mbele ilijikunja tumboni kama gunia. Miguuni ilipanda ikaonyesha nusu ya muundi. Nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimeliwaza hata siku moja pamoja na kushona kwangu kote, kwamba suruali zote duniani zimekatwa kwa ajili ya watu waliosimama.

Katika chumba chetu cha kushonea sheria ni hiyohiyo. Mtu hupimwa akiwa wima. Bi Kheri humfukuza mteja anayetaka kupimwa huku amekaa, hata awe mjamzito wa mwisho mwisho. Na hampimi mtu kwa kumbukumbu. Mteja wa mwezi jana anapimwa upya, anasema mwili hauagi unapobadilika. Kwa sheria hiyo amejenga jina lake.

Mimi nilimpima mume wangu amekaa. Nilivuta futi kutoka kiunoni nyuma, nikaizungusha chini ya paja mpaka gotini, nikapima tumbo lilivyokunjika. Nilisubiri wifi aende ibadani, nikakata. Nyuma niliipandisha juu, mbele nikaishusha. Mifuko ya nyuma nikaiacha, kwa kuwa ingemchubua. Mshono mnene wa makalioni nikauhamisha pembeni. Miguu nikairefusha ili akikaa ifike kwenye kiatu. Ukiitundika ilikuwa kituko, utadhani imeshonwa na mlevi. Niliificha chini ya vitambaa vya bitana.

Kumbe na Bi Kheri naye alikuwa na yake. Alikuwa ametoa kitambaa cha kijivu, kizito, kile alichokuwa amekitunza tangu enzi za mume wake wa pili, akakikata suruali ya mdogo wake kwa ajili ya siku atakayosimama. Mkunjo wa mbele ungekata karatasi. Nilimwuliza amempima lini. Hapo ndipo alipovunja sheria yake mwenyewe, na hakujua kama ameivunja. "Vipimo vya mdogo wangu ninavyo kichwani tangu alipoacha kaptula," akasema. "Na siwezi kumpima amelala. Mtu hupimwa akiwa wima."

Siku aliyotafuta bitana akaikuta yangu. Nilikuwa napiga pasi, nikamsikia ananyamaza. Bi Kheri akinyamaza unasikia.

"Hii ya nani?"

"Ya mdogo wako."

Aliigeuza. Fundi ni fundi, hakuhitaji kuelezwa. Alipitisha kidole nyuma palipopanda, akashuka mbele palipokatwa, akatafuta mifuko asiione. Uso wake ulikunjamana polepole.

"Wifi," akasema, "umemshonea kiti."

"Na wewe umemshonea kitanda."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Tangu niolewe, namheshimu kama mama mkwe, maana ndiye aliyemlea mume wangu. Lakini damu ilikuwa imenichemka, na pasi ilikuwa mkononi, nikaiweka chini kwanza ndipo nikaendelea.

"Kila jioni unamwambia asubiri. Anasubiri. Unajua anavyosubiri? Umeona mgongo wake? Wewe unaleta chai na habari za watu waliopanda milima, mimi ndiye ninayeona ngozi inavyobadilika rangi."

"Sijamwambia alale. Nimemwambia asikate tamaa."

"Sasa kwake imekuwa kitu kimoja."

"Ukimvalisha hii, utakuwa umemwambia basi tena, imekwisha."

"Imekwisha, wifi. Daktari alisema, wewe ulikuwepo."

Hakukasirika. Ningependa angalau angekasirika, tukafokeana tukamaliza. Aliikunja suruali yangu vizuri, kwa adabu, akaiweka juu ya ile ya kijivu. "Tusigombane," akasema. "Tumpelekee zote mbili, achague mwenyewe." Aliongea kwa utulivu wa mtu anayejua jibu, na utulivu ule ulinichoma kuliko matusi.

Mume wangu alituona tunaingia na suruali mbili, akatuangalia kwa zamu. Nadhani alitusikia, ukuta wenyewe ni pazia. Akasema tuanze na ya dada.

Nilimkalisha, nikamvalisha mguu mmoja, nikamvalisha wa pili, nikamwegemeza begani kwangu ili nipandishe kiuno. Bi Kheri alisimama pembeni na pini zake, tayari. Nilipomwachia, nilirudi nyuma nikaangalia, na nawaambia kweli sikufurahi hata kidogo, ingawa nilikuwa nimeshinda. Suruali ya kijivu ilikuwa imemmeza. Mapaja hayakuwemo. Kitambaa kile kizito kililala juu ya godoro, kimejaa hewa, na ule mkunjo mkali wa mbele haukuwa na cha kuegemea ukalala ubavu.

"Nitapunguza kidogo," Bi Kheri akasema. Alipiga magoti, akabana pini pajani. Akabana nyingine ndani zaidi. Akabana tena. Mikono yake ni ya kazi, haiwezi kudanganya, ilifuata mwili ulipo. Kila alipobana, kitambaa kilichobaki nje kilizidi. Mume wangu alitazama zile pini kisha akatazama dari. Mwishowe alichobana nje kilikuwa kingi kuliko kilichobaki ndani, akasimama, akasema pasi inaungua, akatoka. Pasi nilikuwa nimeichomoa mwenyewe.

Nikaanza kutoa pini moja moja. Mume wangu akasema, kwa sauti ya chini, "Hii ni ya yule aliyepanda kwenye paa."

Nikamwangalia. "Ulikuwa unajua?"

"Najua tangu hospitali. Daktari aliniambia kabla hajawaambia nyinyi."

"Unajua kwamba hutasimama."

"Najua."

"Basi kwa nini hukai kwenye kile kiti?"

Alitazama pazia kwanza. "Nikikikalia, dada atabaki na nini? Amezika mume. Nyumba imekwenda na maji. Mtu wake aliyebaki ni mimi. Kila jioni anakuja hapa na mtu wake mmoja aliyepona, ametafuta mchana kutwa huyo mtu, amemuulizia kwa wateja. Nimwambie sitaki kusikia? Nilisema nilale kidogo, mpaka azoee mwenyewe."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, pini mkononi. Sijui kama mmewahi kukasirika mpaka mkachoka. Nilikuwa nimekesha na mgongo wangu, nimepaka mafuta, nimegombana na wifi, nimekata kitambaa kwa kujificha kama mwizi, na huyu alikuwa amelala pale kwa adabu. Adabu tu. Anamtunzia dada yake imani, na kitanda kinamla.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi ulinitunzia nini?"

"Wewe una nguvu, mama."

Neno hilo nimelisikia tangu nilipokuwa msichana. Watu hulisema wanapotaka kuweka mzigo chini na kuondoka. Nikamwambia, "Sina nguvu. Mgongo wangu unaniuma mpaka siwezi kuinama kwenye cherehani. Ninakuinua kwa sababu hakuna mwingine, na wewe unalala ili mtu mwingine afurahi. Umenionea." Alinyoosha mkono akanishika kichwa, na mkono ule kweli ulikuwa na nguvu, nikautoa.

Nilikwenda chumba cha mbele. Bi Kheri alikuwa amekaa mbele ya cherehani, hashoni, viganja juu ya meza. Nikamwambia yote bila kukaa. Kwamba mdogo wake anajua. Kwamba amejua muda wote. Kwamba amelala kwa ajili yake.

Nilitegemea aseme kuna kheri hapo. Nilikuwa nimeshajikaza kulipokea.

"Mimi nilidhani nikikubali," akasema, "ataanguka mara ya pili." Halafu akasema, "Wale watu sikuwaamini wote."

Kumbe mmoja alilala ili mwingine aamini, na mwingine aliamini ili huyu asife moyo, na mimi katikati nageuza godoro. Ningeweza kucheka kama ingekuwa nyumba ya jirani.

Bi Kheri aliinuka. Alikwenda kona, akaondoa koti la mteja juu ya kiti, akalitundika kwenye msumari. Akaondoa gauni. Akaondoa jingine, akalikung'uta, akalikunja. Akakifuta kiti kwa kitambaa cha bitana, mikono, mgongo, na vyuma vya magurudumu, akakisukuma mpaka chumbani bila kuniangalia. Mume wangu alipoona pazia linafunguka na kiti kinatangulia, alivuta kamba akajikalisha mwenyewe.

Nilimvalisha suruali yangu. Ilikaa. Nyuma ilimfunika, mbele haikujikunja, na pindo liliishia juu ya kiatu. Nikapita nyuma yake nikamshika mabega kama kawaida, nikajiandaa kuinua peke yangu, na Bi Kheri akaja mbele akainama akashika miguu. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu ajali. Tukahesabu pamoja, tukanyanyua, tukamweka kitini, na yeye akabaki ameinama, miguu ya mdogo wake bado mikononi mwake.

"Mbona miepesi hivi, wifi?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Miezi yote ile nilitaka asikie uzito wa hiyo habari, nilimwombea asikie, na sasa amesikia, na uso wake ulikuwa umebadilika nikawa simjui. Nilifungua mdomo nimweleze kama mama wa mazoezi alivyonieleza, kwamba nyama isiyotumika hukauka, kwamba ndivyo itakavyokuwa. Nikasikia sauti yangu inasema jambo jingine.

"Itajaa. Akianza kutoka, akila vizuri, itajaa."

Si kweli, na nilijiudhi papo hapo kwa kulisema. Mume wangu aligeuza shingo akaniangalia kwa mshangao mtupu.

Bi Kheri aliweka miguu juu ya kikanyagio, mmoja baada ya mwingine. Kisha ufundi ukamrudia, akashika kitambaa pajani kwa vidole viwili. "Ikijaa, hii itambana," akasema. "Ungeacha nafasi kwenye mishono ya pembeni."

"Nimeacha. Pindua uone."

Alipindua upindo, akaangalia ndani ya mguu. Kitambaa kilikuwepo, upana wa vidole viwili kila upande tangu kiunoni hadi chini, nimekikunja na kukipiga pasi kisionekane. Kwa jinsi nilivyokuwa nawaambia watu wote, kitambaa kile hakikuwa na siku ya kuhitajika. Mkasi ulipofika pale, ulipita mbali na chaki, na sikuurudisha. Bi Kheri aliupima ule upana kwa kidole chake, akanitazama, na mimi nikajifanya natafuta soksi.

"Nyinyi wawili," mume wangu akasema, mikono ameshaiweka kwenye magurudumu, "watu wana redio zao kule. Tunakwenda au mnataka kunipima tena?"